Windows Katika Maabara ya Linux: Mashine Pepe Ziendeshwe Wapi?

Swali: Ninafundisha kompyuta katika shule ya sekondari. Tuna kompyuta 24 zisizo na diski, kila moja ikiwa na RAM ya GB 2, ambazo huwaka kupitia mtandao kutoka seva ya LTSP (mfumo wa Linux unaoziwasha kompyuta kupitia mtandao) yenye RAM ya GB 64. Somo la uhasibu linahitaji programu ya Windows. Niliweka VirtualBox, programu inayounda mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi), lakini mwanafunzi akiifungua, kompyuta yake inaganda. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, seva yako haina kosa. Tangu LTSP ilipoandikwa upya mwaka 2019, programu anayoifungua mwanafunzi hutumia prosesa na RAM ya kompyuta iliyo mbele yake, na seva hutoa mfumo na kutunza mafaili tu. VirtualBox inajaribu kuishindilia Windows nzima ndani ya GB 2 ambazo Linux imekwisha kuchukua sehemu yake. Tena, kwa kuwa diski ya mashine hiyo pepe imo katika folda ya mwanafunzi kwenye seva, kila kinachosomwa hupita kwanza kwenye waya wa mtandao.

Mashine pepe zote ziendeshe kwenye seva yenyewe kwa KVM, uwezo wa Linux wa kuendesha mashine pepe, na wanafunzi wazifikie kwa RDP, njia ya kutumia skrini ya Windows iliyo mbali, kupitia programu ya Remmina au FreeRDP. Chagua Windows ya toleo la Pro au Education, maana Home haipokei RDP. Windows 11 inataka walau GB 4, hivyo ukiiachia seva GB 16, utapata mashine 12, yaani nusu ya darasa kwa zamu. Usilazimishe 24, kwani RAM ikijaa seva itaanza kuegemea diski na chumba kizima kitakwama.

Usinakili diski 12 kamili. Sakinisha Windows mara moja pamoja na viendeshi vya VirtIO (vinavyoiwezesha Windows kutumia vifaa vya mashine pepe kwa kasi), izime, kisha kwa kila mashine andika amri hii, ambapo msingi.qcow2 ni diski ya Windows hiyo na kiti01.qcow2 ni diski ya mashine ya kwanza:

qemu-img create -f qcow2 -b msingi.qcow2 -F qcow2 kiti01.qcow2

Faili hilo jipya huanza likiwa dogo sana, kwa sababu hubeba mabadiliko peke yake. Kipindi kikiisha unalifuta na kuliunda upya. Faili la msingi usiliguse tena maadamu yapo mengine yanayolitegemea, la sivyo yote yataharibika. Kazi za wanafunzi zihifadhiwe katika folda zao za Linux, ambazo FreeRDP huweza kuzionyesha ndani ya Windows. Nakuomba ulijaribu hili kwa mkono wako kwanza, kwa maana mtoto aliyehangaika na leja kwa dakika 80 hastahili kuipoteza.

Diski ya seva iwe SSD, na mashine uziwashe mbili mbili kabla ya kipindi.

Limebaki suala la leseni: Windows iliyouzwa pamoja na kompyuta hairuhusiwi kuhamishiwa kwenye seva kwa matumizi haya, na gharama hiyo huwashtua wengi. Kwa hiyo kabla hujalipa chochote, ijaribu programu yenu ya uhasibu ndani ya Wine, inayoendesha programu za Windows juu ya Linux. Ikifunguka na kuchapa ripoti sawasawa, hamtahitaji Windows kabisa.