Salenda ni nani hasa?

SWALI: Shikamoo mhariri. Babu yangu alikuwa anatuambia daraja la Salenda liliitwa hivyo sababu Mjerumani alisalenda, yaani alijisalimisha, pale kwa Mwingereza vita ya kwanza. Juzi mwenzangu kazini kasema sio kweli, tumebishana mpaka chai ikapoa. Nani mkweli?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Babu usimlaumu, maana kweli Waingereza waliichukua Dar Septemba 1916, ila miaka ndo inamkataa, daraja limejengwa 1929, na jina ni la mtu, John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya ujenzi wa serikali ya Tanganyika. Sisi tukalitamka kwa ulimi wetu likawa Salenda, basi.

Ila mimi nataka ujue zaidi lilifanya nini pale. Hapo ndo Mto Msimbazi unapoingia baharini, unatoka huko milima ya Pugu unapita Jangwani unaishia kwenye mikoko, na zamani ndo ulikuwa unauzuia mji usiende kaskazini. Mkoloni alishaugawa mji, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika Kariakoo na Ilala, sasa daraja lilipokuja Oysterbay ikafunguka, majumba makubwa, viwanja vipana, upepo wa bahari, vyote vya Wazungu. Mwafrika alivuka asubuhi kwenda kupika na kufua na kukata majani, jioni anarudi zake ng'ambo. Hilo linaniuma mpaka leo. Hata sisi tuliokulia Magomeni baada ya uhuru, ukishavuka Salenda unajiona kabisa umeingia mji wa wengine, unaanza hadi kunyoosha shati.

1980 likapanuliwa kwa msaada wa Japani, lakini magari nayo yakaongezeka. 2022 likafunguliwa daraja jingine, Tanzanite, kwa mkopo wa Korea Kusini, zaidi kidogo ya kilomita 1, linapita juu ya bahari kutoka upande wa Coco Beach mpaka karibu na hospitali ya Aga Khan, zuri kweli usiku taa zikiwaka, na wakati linajengwa tulikuwa tunaliita Salenda Mpya! Yaani hilo jina limeshakuwa letu.

Mwenzako yuko sahihi. Ila kama babu bado yupo, muulize Salenda ile nyembamba ya kabla ya 1980 alikuwa anaivuka kwa mguu au baiskeli, na alikuwa anaenda wapi, halafu utuandikie.