Kaa na panya usiku kabla hujakata waya

Nyinyi mnaoanza kutengeneza vihori, yaani vyombo vya kulishia, vya panya wa maabara, nawaomba jambo moja kabla hamjashika msumeno: kaeni na panya usiku. Mchana amejikunja, amelala. Sehemu kubwa ya chakula chake anakula gizani. Washa taa nyekundu hafifu, maana macho yake huiona kwa shida, kisha tulia utazame mikono yake.

Kihori changu cha kwanza nilichomelea hapa Tanga, Ngamiani, kwa waya wa mabati, yaani chuma kilichopakwa zinki. Kilinipendeza mno. Nikaweka gramu 60 za chakula cha vidonge, asubuhi zikabaki 25, nikaandika kwamba panya amekula 35. Mzee aliyenifundisha kazi hakusema neno. Alichukua kibano akafukua maranda ya kizimba: vipande vizima vimerundikwa pembeni, vingine vimelowa mkojo, na vumbi tele. Panya wa gramu 300 hula kama gramu 15 hadi 20 kwa siku. Zilizobaki nilikuwa nimemsingizia.

Kosa lilikuwa nafasi kati ya waya na waya. Ikizidi, anavuta kidonge kizima na kukiweka akiba. Ikibana, watoto walioachishwa kunyonya wakiwa na siku 21 wanashinda na njaa mbele ya chakula. Kwa hiyo jaribu na panya wa umri utakaowatumia, na weka sinia la kuchomoa chini ya kihori. Makombo yakaushe kwanza ndipo uyapime, la sivyo unapima mkojo.

Chakula cha unga ni kigumu zaidi, kwa sababu panya anakifukua kwa miguu. Tumia bakuli zito lenye mfuniko wa tundu moja, na ndani yake kisahani chenye matundu kinachoshuka kadiri unga unavyopungua.

Mabati niliyaacha kabisa. Meno ya mbele ya panya hayakomi kukua, atatafuna tu, na ile zinki anayoimeza inaharibu utafiti wa lishe. Nunua stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, hata kama bei inauma. Kingo zote zipigwe tupa mpaka kidole kipite bila kukwama.

Halafu kuna unyevu wetu wa pwani. Wakati wa masika weka kihori chenye chakula kwenye kizimba kisicho na panya, chumba kilekile, usiku uleule, ujue chakula chenyewe kinavuta unyevu kiasi gani. Changu asubuhi kilikuwa kimeongezeka gramu nzima.