Kabla hujanunua mashine ya kupasua mbao

Vijana mnaoingia kwenye mbao kila siku mnaniuliza mashine gani nzuri, mi nawaambia hilo liache kwanza, niambie utaifunga wapi. Hasara yangu kubwa haikutoka kwenye mashine, niliifunga ndani kabisa karibu na miti nikajua nimelamba dume, masika ikaja barabara ikakatika, mbao zikakaa pale zinapinda na kuota ukungu huku wapasuaji wanadai hela yao.

Ndo maana namheshimu sana mzee Henry Yesler, mpasua mbao wa zamani wa Marekani. Alifika Seattle, magharibi ya Marekani, mwaka 1852, hapo ni familia chache tu za walowezi kwenye ardhi ya Waduwamish, wenyeji wa pale, na msitu umeshuka mpaka baharini. Yeye alitafuta mteremko, magogo juu, meli chini. Viwanja vya ufukweni vilishachukuliwa lakini walowezi wenye viwanja, Doc Maynard na Carson Boren, wakasogeza mipaka yao ili apate ujia wa kufika kwenye maji, maana waliona mashine yake ndo ajira ya watu wote. 1853 msumeno wa mvuke ukaanza, wa kwanza kwenye ghuba nzima ya Puget Sound ulipo huo mji, magogo yanaburuzwa kuteremka mpaka kwenye mashine, mbao zinapanda meli kwenda San Francisco ambako dhahabu ilishajaza watu na wote wanajenga. Ule ujia leo ni mtaa, unaitwa Yesler Way.

Na vumbi la mbao hakulitupa hovyo, lilijazia vinamasi vya ufukweni pakawa ardhi ya kujenga. Sisi mabanzi na vumbi tunachoma tu! Hata banda la kupikia wafanyakazi wake ndo likawa ukumbi, mahakama na kanisa la mji.

Mtu wa hivyo lazima watu watampa uongozi, akawa meya 1874 halafu tena 1885. Ila msidhani hela ilikuwa imetulia, alikuwa amelimbikiza ardhi na majengo kwa mikopo, mpaka 1876 akachezesha bahati nasibu kwa mali zake ili alipe madeni, mahakama ikamtoza faini. Tajiri wa viwanja, mkononi hana kitu, hii nimeiona kwa wafanyabiashara wengi wa mbao jamani. Na Februari 1886 akiwa meya, umati uliwatoa Wachina majumbani kwa nguvu ukawaswaga mpaka gatini, gavana akatangaza sheria ya kijeshi. Jambo lile linaniuma kila nikilisoma, mji aliosaidia kuujenga yeye ulishindwa kuwalinda watu wake.

Moto wa 1889 ukateketeza katikati ya mji, majengo mengi ya mbao, akajenga tena kwa matofali na mawe, akafariki Desemba 1892.

Kwa hiyo ukienda kukagua eneo usiende kiangazi. Nenda mwezi wa nne mvua inanyesha, panda lori lenye mzigo sio pikipiki, uone kama linatoka.