Usimpe mtu tuzo ya kupiga kabla hujaangalia uwanja anaochezea

Msimu wa ligi yetu ya besiboli ya mtandaoni ukiisha tu kura za tuzo za wapigaji zinaanza, na kila mara naona kitu kilekile, mtu anafungua jedwali, anapanga kwa wastani wa kupiga (mara ngapi pigo la mtu limemfikisha besi, yaani kituo cha kukimbilia, kati ya zamu zake rasmi) au kwa homu rani (pigo la kutoa mpira nje ya uwanja), anachukua jina la juu kabisa, kamaliza. Inaniuma kiukweli, maana kuna wapigaji wazuri sana wanaachwa hivihivi.

Kwa ambaye hajui, wachezaji wetu ni wa kubuni, programu ndo inawatengeneza, kila mmoja wetu anaongoza timu yake na mechi zinachezeshwa usiku wa Marekani, kwa hiyo sisi wa Arusha tukiamka alfajiri matokeo yako tayari. Tuzo zetu tumeziiga zile za Silver Slugger za Marekani zilizoanza 1980, mpigaji bora mmoja kwa kila nafasi, na kule wanaopiga kura ni mameneja na makocha, huruhusiwi kumpigia mtu wa timu yako. Sisi pia hivyohivyo.

Sasa mimi naanza na uwanja. Kuna timu kwenye ligi yetu uwanja wake umewekwa juu kama ule wa Denver, na Denver iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira unaenda mbali na ule wa kupinda haupindi vizuri kwa hiyo mrushaji anateseka, mpaka ilipofika 2002 wakaanza kuhifadhi mipira kwenye chumba chenye unyevu ili isiruke sana. Sisi Arusha tuko kwenye mita kama 1,400, kwa hiyo mtu wa huku akiambiwa hewa ya juu ina mambo yake asibishe. Programu inakuonyesha namba ya kila uwanja, tuseme homu rani ni 1.20, maana yake uwanja huo unaongeza asilimia 20. Ila usigawanye kwa 1.20 yote! Mpigaji anacheza nyumbani nusu tu, mechi 81 kati ya 162, kwa hiyo chukua nusu ya hiyo nyongeza, gawanya kwa 1.10, na mtu wa homu rani 44 anakuwa wa 40. Hapo sasa mlinganishe na yule wa 39 anayechezea uwanja wa kawaida, unaona mambo yanavyobadilika, wako karibu sawa kabisa wakati kwenye jedwali ilionekana mmoja kamwacha mwenzake mbali.

Kitu cha pili ni woki, yaani mrushaji akikurushia mipira minne mibaya usiipige, unapewa besi ya kwanza bure. Wastani wa kupiga hauzihesabu kabisa. Mmoja ana wastani wa .320 lakini ukijumlisha na woki anafika besi kwa .345 tu ya zamu zake, mwingine ana .275 ila anasubiri mpira wake, anapewa woki nyingi, anafika besi kwa .400. Kwenye zamu 600 huyo wa pili amefika besi mara 240 na wa kwanza mara 207, yaani auti 33 (mara za mpigaji kutolewa) zimeokolewa, na timu ina auti 27 tu kwa mechi ya ining'i tisa. Hiyo ni zaidi ya mechi nzima jamani. Halafu jumlisha na nguvu, pigo la kawaida ni besi moja, dabo mbili, tripo tatu, homu rani nne, gawanya kwa zamu rasmi (woki hazimo), ukijumlisha hiyo na ile ya kufika besi unapata OPS, na kama programu inakupa OPS+ tumia hiyo, maana uwanja umeshatolewa humo na 100 ndo mpigaji wa kawaida wa ligi.

RBI, yaani pointi zinazoingia kwa pigo la mtu, mimi naiweka mwisho kabisa. Ni kama konda wa kifodi aliyepangiwa ruti yenye abiria wengi jioni, hela ataleta, ila abiria hakuwaita yeye. 2012 kule Marekani Miguel Cabrera alichukua taji la mara tatu, yaani aliongoza ligi yake kwa vyote vitatu, wastani .330, homu rani 44, RBI 139, wa kwanza tangu Carl Yastrzemski 1967, na alistahili sifa zake zote. Ila Mike Trout mwaka uleule alikuwa na RBI 83 kwa sababu kwa sehemu kubwa alikuwa anaanza yeye kupiga, sasa angemwingiza nani?

Zamu nazo hesabu. Kigezo cha kuingia kwenye orodha ya wastani ni zamu 3.1 kwa kila mechi ya timu, kwa mechi 162 inakuja 502. Tony Gwynn 1996 alikuwa na 498, wakamwongezea nne za kukosa, wastani ukashuka toka .353 mpaka .349 na bado akaongoza ligi yake. Fanya hivyohivyo kwa mchezaji wako aliyeumia kidogo, usimfute tu.

Na linganisha kecha (anayedaka mipira ya mrushaji) na makecha wenzake, usimpime na mtu wa besi ya kwanza, kudaka kila siku kunachosha miguu na namba zao huwa ndogo. Mwaka huu nafasi ngumu kwetu ni besi ya tatu, wako watatu wamebanana kwenye OPS na mmoja wao ndo yuko kule kwenye uwanja wa juu, kwa hiyo hapo fungua ukurasa wa mechi za ugenini kwanza ndo upige kura.