Tundu la Kumi na Tano

Nilikuwa nimebakiza matundu mawili kwenye pespeksi, ile plastiki angavu ya kufunika paneli ya mashine yangu ya gemu. Kumi na manne yalishakaa vizuri, mviringo safi kabisa, mpaka mpwa wangu aliyekuwa ananishikia ubao akaanza kupanga nani atacheza wa kwanza. Magharibi inakaribia, nami nikakandamiza drili ili nimalize mapema. Ikalia "ka!" kama mtu kavunja muwa, na ufa ukatoka kwenye tundu la kumi na tano ukanyooka mpaka ukingoni.

"Mjomba, gundi haishiki hapo?"

Haishiki. Yaani inashika, lakini ufa utauona kila siku utakapokaa kucheza, na kidole kitaugusa.

Hiyo ilikuwa pespeksi ya kwanza. Ya pili niliiharibu kwa njia nyingine nitakayoieleza huko chini, na ya tatu ndiyo iliyopo sebuleni mpaka leo. Naandika kwa ajili ya yeyote wa hapa Dodoma, au Manyoni, au Singida, anayetaka kujitengenezea mashine ya gemu nyumbani, ameona picha za paneli zinazong'aa akadhani ni kazi ya dakika ishirini.

Mashine yangu ni sanduku la plaiwudi, ndani kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, mbele televisheni ya zamani. Paneli ina joistiki mbili, batani sita kwa kila mchezaji na mbili za kuanzia mchezo. Matundu 16. Picha ya mapambo nilichapisha stesheneri kwenye karatasi, na karatasi haiwezi kukaa wazi chini ya mikono ya watoto wanaokula ubuyu. Hapo ndipo plastiki angavu inapohitajika.

Jambo la mtaani kwanza. Jirani aliona sanduku lenye batani pale uani, habari zikafika kwa mjumbe kwamba nafungua dubwi. Mjumbe akaja jioni. Nikamwamkia, akaitikia, akalizunguka sanduku. "Hili linakula hela?" Nikamwonyesha halina pa kutumbukiza sarafu. Akatikisa joistiki mara mbili, akaaga. Mashine za kamari zina leseni yake kutoka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa hiyo tundu la sarafu usiliweke hata kwa pambo. Utakuja kueleza mpaka uchoke.

Sasa plastiki. Madukani jina ni moja, kila kitu angavu na kigumu ni pespeksi. Lakini kuna mbili zinazofanana kwa macho na kutofautiana kabisa kwenye drili. Akriliki ni ngumu, inang'aa kama kioo, haichubuki haraka, ila ukiikosea inapasuka. Polikaboneti ni laini kidogo, inachubuka upesi, lakini inapinda badala ya kupasuka, na unaweza kuitoboa kwa fujo kidogo ikakusamehe. Muuzaji mara nyingi hajui anauza ipi. Omba kipande cha kona, kipinde kwa koleo. Kikivunjika ghafla ni akriliki. Kikikunjika kama bati, ni polikaboneti. Ukiwa bado na shaka, kiwashe nje penye upepo: akriliki inaendelea kuwaka, inatatarika na kunukia kama matunda, wakati polikaboneti inatoa moshi mweusi na ukiondoa kiberiti inaelekea kuzimika yenyewe.

Kwa mtu wa mara ya kwanza ningesema tafuta polikaboneti ya milimita 3. Mimi mwenyewe natumia akriliki ya milimita 3 kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa mafundi mabango, na kwao unapata mabaki. Usinunue karatasi nzima ya futi nane kwa nne kwa ajili ya paneli ya sentimita 60. Zungukia wanaotengeneza herufi za maduka, waulize vipande. Angalia tu kwamba karatasi au nailoni ya kinga bado ipo pande zote mbili, na kwamba kipande hakikuwa kimeegeshwa juani. Jua la huku likiipiga ile kinga miezi miwili, inagandamana na plastiki, na utakaa nayo kwenye maji ya vuguvugu ya sabuni ukiibandua kwa ukucha kama lebo ya chupa.

Kinga hiyo usiibandue mpaka siku ya mwisho kabisa. Chora juu yake, kata juu yake, toboa juu yake.

Kukata mstari ulionyooka ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa, almradi ni akriliki. Nilichukua bleedi kuukuu ya msumeno wa chuma, nikaisaga ncha kwenye grainda mpaka ikawa na mdomo kama wa kasuku. Unaweka rula ya chuma, unaibana, halafu unavuta huo mdomo kwenye mstari uleule. Mara ya kwanza pole sana ili usiteleze, kisha unazidisha nguvu. Mipito kumi hadi kumi na tano, unga mweupe unatoka, mpaka mfereji ufike karibu nusu ya unene. Ulaze mstari sawa na ukingo wa meza, bana upande wa ndani, bonyeza upande wa nje kwa mara moja bila kusitasita. Inakatika kama biskuti. Polikaboneti haikubali mchezo huu. Hiyo ni msumeno tu.

Kwenye msumeno wa umeme kuna kioja kilichonichekesha baada ya kunikasirisha. Nilipitisha bleedi ya meno makubwa kwa kasi yote, nikafika mwisho, nikanyanyua kipande, hakiachani. Nyuma ya bleedi, plastiki ilikuwa imeyeyuka na kujiunga tena, mfereji umejaa ute ulioganda. Akriliki hulainika kwenye nyuzi 100 hivi za Selsiasi, yaani joto la chai ikichemka, na bleedi inayosugua inafika huko mara moja. Kwa hiyo meno madogo, kama ya kukatia chuma, kasi ya chini, na ukisikia harufu simama. Mimi siku hizi nakata kwa msumeno wa mkono. Napoteza nusu saa, napata ukingo usiohitaji tupa nyingi. Na popote kona inapoingia ndani, toboa kwanza tundu dogo kwenye pembe, kisha kata kulifuata. Pembe kali ya ndani ndiyo mwanzo wa ufa.

Haya, drili, ambako kipande kizima huweza kufa.

Biti ya kawaida ya chuma, yaani kile chuma cha kutobolea kinachofungwa kwenye drili, imechongwa ili ijivute ndani. Kwenye bati ni sifa nzuri. Kwenye akriliki, pale ncha inapotokea upande wa pili, inadaka ile ngozi nyembamba iliyobaki, inainyanyua, na ndipo unaposikia muwa. Dawa yake inashangaza: itie biti ubutu. Chukua kinoo, sugua ile kingo inayokata mara nne tano, ukiishika wima, mpaka uone kijistari bapa chembamba. Biti hiyo sasa inakwangua badala ya kuchimba. Niliwekea alama ya rangi nyekundu ili asije mtu akaipeleka kwenye chuma na kunilalamikia.

Kwa biti hiyo butu, ya milimita 4, natoboa kwanza vitovu vyote 16, yaani matundu madogo ya katikati, plastiki ikiwa imelala juu ya ubao wa kutupa, imebanwa pande mbili. Isining'inie hata kidogo. Plastiki ikielea hewani inapepea, na ikipepea inapasuka.

Tundu kubwa ni habari nyingine. Pima batani zako kabla hujatoboa chochote, kwa sababu kuna koo mbili: za Kijapani zinataka tundu la milimita 30, na zile ndogo za kuanzia mchezo 24. Za Kimarekani ni milimita 28 na ushee, maana ni inchi moja na moja ya nane. Nunua zenye shina refu la kufungwa kwa nati. Zile za kubana kwa vidole vya plastiki zimetengenezwa kwa paneli nyembamba, hazitafika chini ya plaiwudi ya milimita 18.

Holsoo, ule msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili, inafanya kazi kwenye plaiwudi. Kwenye plastiki inachemka haraka na meno yake yanadaka. Natumia biti ya ngazi, ile iliyochongwa kama pia, inayopanda milimita mbili mbili kutoka 4 mpaka 32. Kila ngazi inakwangua kidogo tu, na ni mviringo mzima unaogusa, siyo jino moja.

Tatizo lake ni urefu: inataka kushuka chini sana. Ndiyo maana ubao wa paneli hutobolewa kwanza, matundu ya milimita 32 kwa holsoo, milimita mbili zaidi ya batani ili makosa madogo yasionekane. Kisha plastiki yenye vitovu inalazwa juu yake, kila kitovu katikati ya tundu lake, inabanwa, na paneli nzima inawekwa kati ya viti viwili ili ncha ipite bure. Drili polepole, mizunguko mia chache kwa dakika. Nadondoshea maji yenye sabuni kwa kijiti, mbali na mota. Nashuka ngazi moja, nanyanyua, napuliza, nashuka nyingine. Nyuzi nyeupe ndefu zinazojikunja kama vikono vya mzabibu ni dalili njema. Ukiona vidonge vinavyonata kwenye biti, umeshapasha moto, pumzika ukanywe maji. Na vaa miwani, ila glovu vua, biti inayozunguka hupenda kitambaa.

Wenye ruta, ile mashine ya kuchonga mbao, wana njia fupi zaidi: biti yenye bearingi chini inafuata tundu la mbao na kulinakili kwenye plastiki. Mimi sina. Na kama unatengeneza paneli kumi, acha haya yote, mpelekee fundi mabango mwenye mashine ya leza. Akriliki inakatwa kwa leza ukingo unatoka unang'aa. Polikaboneti inaungua na kugeuka rangi, kwa hiyo mwambie mapema ni ipi.

Skrubu za pembeni ndizo zilizoniadhibu kwenye pespeksi ya pili. Nilitoboa tundu sawasawa na skrubu, nikakaza asubuhi ya Julai, ile baridi yetu ya kuvaa sweta. Mashine ilikaa barazani, jua la mchana likaipiga. Akriliki hutanuka milimita 0.07 hivi kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Paneli ya sentimita 60, joto likipanda nyuzi 30, inataka nafasi ya zaidi ya milimita moja, na mimi sikuiachia hata nywele. Ikatuna katikati kama chapati. Nikalegeza, ikakaa sawa. Toboa milimita mbili zaidi ya skrubu, weka washa, kile kiduara cha chini ya kichwa cha skrubu, kaza mpaka ishike tu. Skrubu zenye kichwa cha koni usitumie, zinasukuma plastiki kama kabari.

Ingepona, ila palikuwa na gundi ya tepu pembeni nikaifuta kwa thina. Kesho yake kila tundu lilikuwa limezungukwa na vijinyufa vyembamba kama utando wa buibui. Thina, petroli, spiriti, dawa za kusafishia vioo, vyote viweke mbali na akriliki, hasa karibu na matundu. Maji, sabuni ya vyombo, kitambaa cha pamba.

Kingo za pembeni nilizikwangua kwa mgongo wa kisu, kisha msasa namba 240, 400, na 600 nikiulowesha maji. Za ndani ya matundu sikuhangaika nazo, batani inazifunika.

Kubandua kinga nilimwachia mpwa, alishaidai kazi hiyo tangu wiki ya kwanza. Akaivuta taratibu kutoka kona, picha ikatokea chini yake inang'aa mpaka mama yake akaja kuangalia. Dakika kumi baadaye ilikuwa imefunikwa na vumbi jekundu la Agosti, maana plastiki ikishasuguliwa inavuta vumbi kama sumaku. Kijana akanyanyua mkono na shati lake kutaka kuifuta.

"Ebu acha! Hilo vumbi ni msasa. Kalete maji ya sabuni."