Jibu: Nyasi bandia juu ya udongo wa mbuga

Mkuu, umeuliza kama unaweza kutandika nyasi bandia moja kwa moja kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, ili watoto wapate kiwanja cha mpira nyuma ya nyumba. Usifanye hivyo. Udongo ule hufura wakati wa masika na kupasuka kiangazi, na kapeti litafuata kila bonde na kila kichuguu kitakachojitokeza.

Pesa yako ianzie chini. Chimba utoe udongo huo, jaza moramu (udongo mwekundu wenye changarawe) na uishindilie kwa mashine tabaka kwa tabaka. Juu yake weka kokoto sentimita 10 hadi 15, kisha vumbi la kokoto. Acha mteremko wa kama asilimia 1 kuelekea mtaroni, na ukijenga ukingo wa zege pembeni, uachie maji njia ya kutokea. Fundi anayekuja na kapeti na gundi tu, mrudishe.

Kwa mpira, nyasi zenye urefu wa milimita 40 hadi 50 zilizojazwa mchanga wa silika zinafaa. Tenisi hutaka fupi zaidi.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni joto. Jua la saa nane mchana huzifanya nyasi hizi zichome nyayo, kwa hiyo watoto wasicheze pekupeku, na upande wa magharibi weka kivuli.