Ni bobkati, sio koyote

Umeuliza hizo nyayo ulizopiga picha ni za mnyama gani, bobkati au koyote: bobkati huyo mkuu (paka mwitu wa Amerika Kaskazini), koyote (mnyama wa jamii ya mbwa anayefanana na mbweha) sahau. Cheki picha yako, hapo kwenye theluji hakuna alama ya kucha hata moja, paka anatembea kucha kaziingiza ndani ila koyote zake ziko nje muda wote na unyayo wake unakuwa mrefu mrefu, huo wako umekaa duara. Halafu zoom pale kwenye kisigino, yaani ule mto mkubwa nyuma ya vidole, kwa mbele kimegawanyika sehemu mbili na kwa nyuma tatu, jamii ya mbwa hawana kitu hicho. Kwa hizo funguo ulizoweka pembeni naona upana ni kama sentimita 5 hivi, paka wa nyumbani mara nyingi hafiki hata 4, na puma, yule paka mwitu mkubwa wa Amerika, angekuwa mkubwa kuliko hapo kwa mbali. Hii nimefundishwa na wawindaji wa huku Maine, jimbo la Marekani, wao wakikuta alama hizo wanazifuata taratibu mpaka kwenye miamba au kwenye vichaka vya sungura, na njiani ukikuta mzoga umefunikwa majani na theluji ujue ni kazi yake, anaficha chakula arudi baadaye. Ila angalia kitu kimoja, theluji ikipigwa na jua unyayo unatanuka, na kwenye utelezi hata paka anatoa kucha, kwa hiyo usiamue kwa unyayo mmoja, fuata kama kumi hivi. Na kumwinda bila leseni ya uwindaji ya jimbo lako usithubutu, kila jimbo lina sheria zake.